Sukari ya Wateja

Saa kumi alfajiri, Ndoro yote imelala,
mimi nakoroga mchele uliosagwa na tui,
hiliki, amira, mabakuli mawili ya sukari.
Zamani nilionja kwa kidole.
Siku hizi namwamsha Zaituni,
anakuja na jicho moja, analamba mwiko,
"Bado, mama," au "Tosha,"
kisha anarudi kitandani.
Ana miaka tisa. Nyuma yake hakuna.

Miezi saba sikuziona siku zangu.
Kidevuni zikachipua nywele tatu,
nazo zikaita majirani;
nikawa nazing'oa kwa kibanio, mlango nimetia komeo.
Gauni la Idi likagoma mabegani.
Mtaani wakasema, "Ndoa imemkubali."
Wifi yangu Somoe akalishika tumbo langu mbele ya watu:
"Mapacha haya, unatuficha nini?"
Nikacheka nao. Ningefanyaje?

Hospitali ya mkoa, daktari binti mdogo,
alinionyesha kwenye kioo cheusi
vifuko, vifuko, vimejipanga duara
kama shanga za kiunoni
ambazo sikumbuki kuzivaa.
Akasema homoni. Akasema insulini.
Akasema, "Sukari ipunguze, na wanga pia.
Unafanya kazi gani, dada?"
"Nakaanga vitumbua."
Akaweka kalamu chini.

Nilianza na chai. Vijiko vinne, vitatu, viwili.
Wiki ya kijiko kimoja nilimgombeza hata paka.
Kisha mchaichai mtupu,
na kichwa siku tatu kikaniuma kama nimefiwa.
Ugali wa muhogo, ule mlima wetu,
nikaukata ukabaki ngumi ya mtoto;
pembeni kisamvu cha karanga, kingi,
changu wa kuchoma, ndimu, pilipili,
mlenda unaovutika hadi kidevuni,
hicho hicho kidevu.

Bakiri alikula wiki mbili bila neno.
Usiku wa kumi na tano akauliza,
"Zile mbaazi zako zisizo na raha, zimebaki?"
Nikasikia kijiko kikikwangua sufuria gizani.

Harusini Mtanda niliomba maji.
"Ana sukari huyo," wakanong'ona,
kana kwamba maradhi ni wizi.
Soda yangu ikanywewa na Somoe,
na pole akanipa yeye.

Halafu msimu wa mabibo.
Harufu yake haibishi hodi,
inapita dirishani, inakaa kwenye mto unaolalia.
Nilikula moja.
Sitasema uongo: mawili.
La pili nililila nimesimama, nyuma ya choo,
maji yake yakichuruzika hadi kiwikoni.

Karani wa ghala la korosho alinipima kwa utani,
baada ya gunia na kabla ya gunia:
sabini na tisa.
Nilianza na themanini na tano.
Akaandika hewani kwa kidole, "Daraja la kwanza,"
wapakizi wakacheka,
nami nikashuka kwenye mizani taratibu,
nisije nikaziacha zile sita zikanifuata.

Sasa nina kikaango cha pili, kidogo,
vitumbua vya nazi visivyo na sukari.
Jana viliuzwa vinne.
Kimoja nilijiuzia mwenyewe, nikajirudishia chenji.
Zaituni anasema vina ladha ya dawa ya meno.
Namwacha aseme.
Lakini alfajiri, anapoulamba ule mwiko,
nautazama ulimi wake
na sijui ninamfundisha nini.

Jumanne, sokoni, nikichagua njugu mawe,
zile nyekundu, za kuchemsha na chumvi,
nikahisi joto ninalolijua.
Nikasimama wima. Kopo mkononi.
Muuzaji, mzee Chinguile, akaniuliza,
"Vipi, mama Zaitu? Umeona nini?"
"Nimepata mgeni."
Akageuka kumtafuta barabarani,
upande wa stendi, kisha upande wa pili.

Nikakaza kanga kiunoni,
nikamwambia, "Ongeza basi.
Kibaba gani hiki kisicho na nyongeza?"